Mshelisheli: Mti Unaolisha Watu wa Visiwani

Fikiri, ndugu mkulima, kwamba umegawiwa shamba lenye mambo haya. Udongo wake ni mchanga mweupe uliotokana na matumbawe. Hapana mto wala kijito. Maji ya kunywa ni ya mvua, au yale machache yapatikanayo katika kisima kifupi. Upande mmoja wa shamba ni bahari, na ukitembea dakika chache kwenda upande wa pili wakuta bahari tena. Hapana kilima. Mahali pa juu kabisa pamepita maji ya bahari kwa kimo cha mtu mmoja au wawili tu. Mahindi hayastawi, na duka hapana. Je, ungepanda nini ili watoto wako wapate kula?

Mashamba ya namna hiyo yako kweli, nayo yamelisha watu kwa muda mrefu. Ndivyo ilivyo nchi ya Visiwa vya Marshall, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Nchi hiyo ina mafungu 29 ya visiwa vya matumbawe, na visiwa vingine 5 vilivyo peke yake, lakini ardhi yake yote ikikusanywa pamoja ni kama kilomita za mraba 180 tu. Wenyeji waliishi kwa samaki, nazi, matunda ya mti wa jamii ya mkadi, na zaidi ya hayo kwa tunda moja kubwa la kijani ambalo sisi huliita shelisheli.

Mwezi huu twataka kukueleza habari za mti huo. Wengine kati yenu, hasa mlio katika skimu za Pwani, mwaweza kuupanda. Wengine, mlio Kinangop au Molo au Uasin Gishu, hamwezi, maana mti huu hauvumilii baridi. Lakini hata ninyi msiache kusoma, kwa sababu habari ya mshelisheli ni habari ya watu waliohamia ardhi ngeni, wakajifunza kujilisha. Mambo hayo yanamhusu kila mtu wa skimu.

MTI WENYEWE

Watu wa Unguja na Pemba waujua vizuri mti huu. Jina la tunda ni lile lile la nchi ya Visiwa vya Shelisheli, iliyo mashariki yetu katika Bahari ya Hindi. Huko Shelisheli wenyeji husema kwamba mgeni akila tunda hili, hana budi kurudi tena siku moja. Unguja shelisheli lililopikwa kwa tui la nazi ni futari ipendwayo sana mwezi wa Ramadhani.

Mshelisheli ni ndugu ya mfenesi na mkuyu. Ukiukata gome hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Hukua kufika kimo cha mita 15 hadi 20, na majani yake ni makubwa, ya kijani iliyokoza, yenye kukatika kama vidole vya mkono. Usilichanganye tunda lake na fenesi. Fenesi ni kubwa mno, lina miiba mifupi, na twalila likiwa bivu kwa utamu wake. Shelisheli ni la mviringo, lenye uzito wa kilo 1 hadi 3 kwa kawaida, na huliwa zaidi likiwa limekomaa lakini bado gumu, kama vile tulavyo kiazi au ndizi za kupika. Ndani yake ni jeupe au lenye umanjano kidogo. Aina nyingi hazina mbegu hata moja.

Faida za mti huu haziishi katika tunda. Mbao zake ni nyepesi, na watu wa visiwani huchonga mitumbwi kwa shina lake. Utomvu wake walikalafatia vyombo vyao ili maji yasiingie, na katika visiwa vya Hawaii waliutumia kama ulimbo wa kunasia ndege. Majani yake hufunikia chakula kinachookwa, na mifugo huyapenda.

WALIOHAMA NA CHAKULA CHAO

Asili ya mshelisheli ni upande wa kisiwa cha New Guinea. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, watu wa sehemu hizo walianza kusafiri kwenda mashariki kwa vyombo vyenye matanga, wakitafuta visiwa vya kukaa. Hawakwenda mikono mitupu. Walijua kwamba visiwa vidogo vya mbali havina chakula cha kutosha cha porini, wakapakia kuku, nguruwe, mbwa, majimbi, ndizi, viazi vikuu, na mshelisheli.

Ndugu mkulima, hebu pima kazi ya kuchukua mti usio na mbegu. Mahindi waweza kuyafunga katika kitambaa. Mshelisheli wataka uchukue mizizi au machipukizi yake yakiwa hai, uyafunike yasipigwe na maji ya chumvi, uyape maji matamu kidogo kidogo kutoka katika akiba ya kunywa ya watu chomboni, kwa siku nyingi baharini. Watu hao walifanya hivyo kisiwa baada ya kisiwa, mpaka mti ukafika Samoa, Tahiti, Marquesas na Hawaii. Kila mshelisheli usio na mbegu unaouona leo ulipandwa na mkono wa mtu, kutoka katika mzizi wa mti uliopandwa na mtu mwingine kabla yake.

Tena hawakupanda aina moja. Katika kisiwa cha Pohnpei wenyeji wana majina ya aina zaidi ya 100 za shelisheli. Iko ya kuzaa mapema na ya kuzaa kwa kuchelewa, iko ya kuokwa na iko ya kuchemshwa, na iko ivumiliayo mchanga na chumvi. Hiyo si anasa. Mtu mwenye aina tatu shambani hupata chakula kwa miezi mingi zaidi kuliko mwenye aina moja, na ugonjwa ukiishika aina moja hubakiwa na nyingine.

JINSI LIPIKWAVYO

Njia iliyo rahisi kabisa ni kuliweka tunda zima juu ya makaa, ukiligeuzageuza mpaka ganda liwe jeusi lote. Kisha hulimenya, hutoa moyo wa katikati, na hula nyama yake ikiwa ya moto. Harufu yake ni kama ya mkate mpya, na ndiyo sababu Wazungu waliliita tunda la mkate. Huko Samoa hupasha moto mawe, huweka mashelisheli juu yake, na kuyafunika kwa majani mpaka yaive. Pengine huyaponda kwa mchi mpaka yawe bonge laini kama ugali, na kulila kwa tui la nazi. Waweza pia kulichemsha kama muhogo, au kulikata vipande vyembamba na kuvikaanga.

Ni chakula cha kutia nguvu. Katika kila gramu 100 za shelisheli bichi, gramu 27 hivi ni wanga. Lakini protini yake ni kama gramu 1 tu. Kwa hiyo watu wa visiwani hulila pamoja na samaki, kama vile sisi tusivyokula ugali mtupu bila maharagwe, maziwa au nyama. Mtoto akilishwa shelisheli peke yake hatakua vizuri, sawasawa na mtoto alishwaye muhogo peke yake.

AKIBA YA SHIMONI

Shelisheli lina upungufu mmoja mkubwa. Likishachumwa hulainika baada ya siku moja, mbili au tatu. Nao mti huzaa kwa msimu; kuna miezi ya wingi ambapo matunda huanguka ovyo, na kuna miezi ambapo hapana kitu. Wewe unayejua ile miezi ya kungoja mahindi yakomae, hali ghala limekwisha kufagiliwa, huna haja ya kuelezwa maana yake.

Watu wa Pasifiki walifanya hivi. Msimu wa wingi ulipofika, waliyamenya matunda, wakatoa moyo, wakayakata vipande. Katika Visiwa vya Marshall huviloweka vipande hivyo katika maji ya bahari, huvikamua, huviacha kwa siku chache vilainike, kisha huvitia katika shimo lililotandikwa majani mengi. Juu hufunikwa kwa majani tena, na mawe ya kukandamiza. Humo shimoni shelisheli huchachuka na kuwa donge lenye ukali. Wewe uliyezoea uji uliochacha au mursik hutashangaa: uchachu wenyewe ndio unaozuia uozo. Kila baada ya muda hubadilisha majani yaliyochakaa. Wakitaka kula hutoa kiasi kinachotosha, hukikanda, hukichanganya na tui la nazi, hukifunga katika majani na kukioka.

Chakula hicho hukaa mwaka mzima na zaidi. Katika visiwa vya Marquesas, ambako ukame huja mara kwa mara na kuua mazao, kila nyumba ilikuwa na shimo lake, na juu ya hayo ukoo wote ulikuwa na mashimo makubwa ya shirika, yasiyofunguliwa ila wakati wa njaa. Mzee aliyesaidia kulijaza shimo hilo pengine hakulila yeye mwenyewe, bali wajukuu wake. Sisi twasema akiba haiozi. Watu hao walikwenda mbele zaidi: walichukua tunda lioze upesi kuliko mengine, wakalifanya kuwa akiba.

Jiulize basi: katika skimu yenu, shimo la shirika liko wapi? Huenda likawa ghala la chama cha ushirika, au mihogo iliyoachwa ardhini, au magunia mawili yasiyouzwa mwezi wa bei mbaya. Jina lake halina neno. Neno ni kwamba liwepo, na kwamba lisifunguliwe kwa ajili ya harusi.

MERIKEBU YA BLIGH

Mwaka 1769 Waingereza waliofika Tahiti pamoja na nahodha James Cook waliuona mti huu wakaustaajabia. Habari ikafika kwa mabwana wa mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi, nchi za Jamaika na St Vincent. Mabwana hao walikuwa na maelfu ya watumwa waliotolewa Afrika, na ardhi nzuri yote waliipanda miwa ya kuuza, si chakula. Vita vya Amerika vya 1775 hadi 1783 vilipozuia vyakula kuletwa kwa meli, na tufani zikaharibu ndizi, watumwa maelfu walikufa kwa njaa. Ndipo mabwana wakataka mti wa chakula usiogharimu kitu.

Serikali ya Uingereza ikapeleka merikebu iitwayo Bounty, chini ya William Bligh. Ilifika Tahiti Oktoba 1788, ikakaa miezi mitano ikikusanya miche zaidi ya 1,000 katika vyungu. Lakini tarehe 28 Aprili 1789 baharia waliasi. Walimtia Bligh na watu 18 katika mashua ndogo, na miche yote wakaitupa baharini. Bligh alisafiri siku 47 kwa mashua hiyo mpaka akafika Timor salama. Baadaye alitumwa tena kwa merikebu iitwayo Providence, na mara hii alifaulu: Januari 1793 aliteremsha miche St Vincent, na mwezi uliofuata Jamaika.

Je, unadhani watumwa walifurahi? Hasha. Tunda walilikataa, wakawapa nguruwe. Lilikuwa chakula cha kuletewa na bwana, nao walikuwa na ndizi na viazi vikuu walivyovizoea. Miti ilisimama miaka mingi ikizaa, na walaji ni wachache. Lakini utumwa ulipokomeshwa, kwa sheria iliyoanza kutumika 1834 na uhuru kamili wa 1838, watu wengi waliyaacha mashamba ya miwa wakaenda vilimani kushika vishamba vyao wenyewe. Huko walihitaji mti usiotaka kazi nyingi, na wa kulisha watoto. Kidogo kidogo wakaupanda mshelisheli kwa hiari yao, karibu na mlango wa nyumba. Leo shelisheli la kuchomwa pamoja na samaki ni chakula cha taifa huko St Vincent, na Jamaika nyumba ya shamba isiyo na mti huo ni nadra.

Mti ulikuwa ule ule, na udongo ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliyeupanda alikuwa mwenye shamba. Wewe mwenye hati yako mkononi, au unayeingoja, wafahamu jambo hilo kuliko tunavyoweza kulieleza.

WATU WA BIKINI

Sasa sikia habari nyingine, ya watu waliohamishwa. Machi 1946 watu 167 wa Bikini, katika Visiwa vya Marshall, waliombwa na jeshi la Marekani waondoke ili mabomu ya atomiki yajaribiwe hapo. Walipelekwa Rongerik, mwendo wa kilomita 200 hivi upande wa mashariki. Juu ya karatasi mahali hapo palionekana panafaa: visiwa vya matumbawe kama vyao, na bahari ile ile. Lakini ardhi ilikuwa ndogo kuliko ya kwao, minazi ilizaa haba, na miti ya chakula haikutosha. Hapakuwa na mashimo ya akiba yaliyojazwa na wazee wao. Kufika mwanzo wa 1948 watu walikuwa wamekonda, karibu kufa kwa njaa. Wakahamishwa tena, wakakaa katika mahema huko Kwajalein, kisha Novemba 1948 wakapelekwa kisiwa cha Kili, ambacho udongo wake ni mzuri lakini hakina bahari tulivu ya ndani ya kuvulia, na kwa miezi mingi mawimbi huzuia hata mitumbwi kutua.

Miaka ya baadaye, mabomu 23 yakiwa yamekwisha kulipuliwa Bikini kati ya 1946 na 1958, ilifikiriwa kwamba pamekuwa salama. Miti ya chakula ilipandwa upya, na jamaa kadhaa wakarudi. Lakini ilionekana kwamba sumu ya mionzi iliyobaki udongoni ilikuwa ikipanda kwa mizizi na kuingia katika nazi na matunda, na kutoka hapo katika miili ya watu. Mwaka 1978 wakaondolewa mara ya pili. Ardhi ilikuwa yao, na miti ilikuwa inazaa, lakini haikuliwa.

Twakueleza habari hii kwa sababu wengi wenu mwaujua mwaka wa kwanza wa shamba jipya: nyumba haijaezekwa, mbegu ni za kukopa, na mti wa matunda hata mmoja hapana. Ardhi peke yake haishibishi mtu. Kinachoshibisha ni ardhi pamoja na miti iliyokwisha kukua juu yake, na akiba iliyokwisha kuwekwa. Kwa hiyo mtu ahamiapo mahali papya, siku anayochimba msingi wa nyumba ndiyo siku ya kuchimba shimo la mti.

USIACHE MBACHAO

Watu wa visiwani nao wamekosea, na makosa yao yatufundisha. Baada ya Vita Kuu ya pili, mchele na unga wa ngano na nyama za makopo viliingia kwa meli katika visiwa vingi vya Pasifiki. Ni vyakula vyepesi kupika, navyo vilionekana kuwa vya heshima. Vijana wakaanza kuliona shelisheli kuwa chakula cha wazee. Mashimo mengi ya akiba yakafukiwa. Leo Visiwa vya Marshall vyahesabiwa miongoni mwa nchi zenye ugonjwa mwingi sana wa kisukari duniani, na meli ikichelewa, duka huwa tupu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena yafaa tuseme kweli: mshelisheli nao haukingi kila baa. Mwezi wa Februari 1990 tufani iitwayo Ofa iliipiga Samoa, na Desemba 1991 ikaja nyingine iitwayo Val. Mishelisheli mingi ilivunjika na kung'oka, na matunda yakapukutika chini. Katika visiwa vya chini maji ya chumvi hupanda juu ya ardhi wakati wa mawimbi makubwa na kuua mizizi, na bahari inaendelea kuinuka. Watu waliopona njaa ni wale waliokuwa na majimbi na viazi vikuu ardhini, ambavyo upepo hauvifikii. Chakula kimoja, hata kiwe kizuri namna gani, si ulinzi.

HESABU YA MTI MMOJA

Tupige hesabu bila kutia chumvi. Tuseme mti uliokomaa umezaa matunda 150 kwa mwaka, nayo ni makadirio ya kawaida, na kila tunda lina kilo moja na nusu. Jumla ni kilo 225. Ukitoa ganda na moyo, tuseme robo, zabaki kilo 169 hivi. Lakini katika kila kilo 10 za shelisheli bichi, kilo 7 hivi ni maji. Basi chakula kikavu ni kama kilo 50. Gunia la mahindi makavu la kilo 90 lina chakula kikavu kama kilo 78. Kwa hiyo mti mmoja ni sawa na karibu theluthi mbili za gunia la mahindi.

Pengine wasema, ni kidogo. Lakini hesabu na upande wa pili. Gunia hilo hukulima kila mwaka, hukununua mbegu, wala hukupalilia mara mbili. Mti mmoja uliopandwa vizuri huzaa miaka 50 na zaidi. Miti mitatu kando ya nyumba ni magunia mawili ya chakula kila mwaka, nayo yaweza kuja hata mwaka ambao mahindi yamekauka shambani.

JINSI YA KUUPANDA

Kwanza, mahali. Mshelisheli wapenda joto la nyuzi 21 hadi 32, na usiwe juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Mvua inayoupendeza ni milimita 1,500 hadi 3,000 kwa mwaka, lakini huvumilia pungufu ya hiyo ukisaidiwa kwa maji na matandazo, hasa ukiwa mchanga. Kwa Kenya, basi, mti huu ni wa Pwani. Mkulima wa Shimba Hills au Mpeketoni aweza kuujaribu. Mkulima wa nchi ya jalidi asipoteze fedha zake.

Pili, miche. Mizizi ya mti huu hutambaa karibu na uso wa ardhi, na pale inapojeruhiwa kidogo huchipuka. Chipukizi lenye mizizi yake laweza kukatwa na kuhamishwa. Au chukua vipande vya mzizi vyenye unene wa kidole gumba hivi na urefu wa sentimita 20, uvilaze katika mchanga wenye unyevu, kivulini, na uvimwagilie mpaka vichipuke. Yaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi. Usikate mizizi mingi ya mti mmoja, usije ukaudhoofisha. Na usilete miche wala mizizi kutoka nchi nyingine ukiificha mfukoni. Magonjwa ya mimea husafiri hivyo hivyo. Uagizaji wa mimea wahitaji kibali cha KEPHIS, na ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe itakueleza njia.

Aina iitwayo Ma'afala, ya Samoa na Tonga, siku hizi huzalishwa kwa wingi katika maabara na kupelekwa nchi nyingi za joto, kwa kuwa ni fupi na huzaa mapema. Huko Hawaii, katika Bustani ya Kahanu kisiwani Maui, zimekusanywa aina karibu 150 ili zisipotee.

Tatu, shimo. Panda mwanzo wa mvua kubwa, mita 10 hadi 12 kati ya mti na mti, mahali pasipotuama maji. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina. Miaka ya mwanzo, kabla kivuli hakijawa kikubwa, waweza kupanda maharagwe, mihogo au ndizi katikati.

Nne, ulinzi. Mbuzi na ng'ombe hupenda sana majani na magome ya mti huu. Wiki moja ya uzembe yaweza kuharibu kazi ya miaka mitatu. Weka boma imara.

Tano, kuvuna. Mti hutangulia kuzaa baada ya miaka 3 hadi 6. Tunda lililokomaa huacha kuwa la kijani kibichi likaelekea umanjano, ngozi yake hulainika, na matone ya utomvu hukauka juu yake. Lichume kwa upembo wenye mfuko wa wavu, lisianguke chini, lililopondeka halikai. Ligeuze kikonyo kiwe chini ili utomvu utoke. Ukitaka likae siku chache zaidi, lizamishe katika maji baridi. Yakiwa mengi, yakate vipande vyembamba, uyaanike juani juu ya kitu safi mpaka yavunjike kwa mkono, kisha yahifadhi au yasage unga. Baada ya msimu punguza matawi ya juu, mti usiwe mrefu kupita upembo wako.

NENO LA MWISHO

Ndugu mkulima wa Pwani, kama una nafasi ya mti mmoja kando ya nyumba, chimba shimo kabla mvua haijaanza. Ndugu mkulima wa nyanda za juu, wewe una miti yako: parachichi, mipea, mipulamu, migomba, na mihogo kwa walio mahali pa joto. Kanuni ni ile ile. Panda mti wa kuliwa mapema, panda aina zaidi ya moja, weka akiba, wala usidharau chakula cha nyumbani kwa sababu kile cha dukani kimefungwa katika karatasi nzuri.

Wale watu waliosafiri na mizizi katika vyombo vyao hawakujua kama wangefika. Walijua neno moja tu: kwamba wakifika bila chakula cha kupanda, kisiwa hakitawapokea. Wewe umekwisha kufika. Kilichobaki ni kupanda.